Fungate ya Pili Ina Jiko

Nilipomwambia dada yangu kwamba mimi na mume wangu tumekodi nyumba ya watu wawili Jambiani, siku saba, na kwamba nyumba yenyewe ina jiko, aliniuliza swali moja tu: "Sasa wewe unakwenda kupumzika au unahamisha masufuria?"

Siku ile sikuwa na jibu. Swali lilikuwa la haki. Mwanamke anayeamka saa kumi na moja alfajiri kupika chai ya watu sita, kisha akarudi kazini jioni na kuanza kufikiria usiku watakula nini, akisikia neno mapumziko hutaka kusikia pia kwamba kuna mtu mwingine atakayeshika mwiko. Nimelibeba swali hilo karibu mwaka mzima. Nimelijadili na wenzangu kazini, nimelijadili kwenye kikao cha kikoba, na leo nalijibu kwa kirefu: jiko ndilo lililotupumzisha. Tena nasema zaidi ya hapo. Kama tunataka utalii wa vijiji vya pwani uwafae wenye vijiji, na utufae na sisi watu wa nchi hii ambao bahari ni yetu lakini fukwe zake tunaziona kwenye picha za wageni, basi nyumba ndogo ya wawili yenye jiko lake inastahili kupewa uzito ambao hadi sasa tumeupa hoteli kubwa peke yake.

Nianze na sisi wenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka. Hebu zitazame zinavyokwisha. Siku kumi kwa wazazi kijijini. Tano kwenye msiba wa upande wa mume, nne kwenye harusi ya upande wa mke. Zilizobaki zinaliwa na fundi, kwa sababu kiwanja kimekaa miaka mitatu na msingi umeanza kuota nyasi. Siku 28 zimekwisha, na mke na mume hawajakaa hata jioni moja wawili, bila mtoto, bila mgeni, bila ajenda. Sidharau safari ya kwa wazazi, na nitaendelea kuifanya maadamu wapo. Lakini nimeona ndoa nyingi za watu wema, watu wasiogombana, ambao wamekuwa kama wafanyakazi wawili wa ofisi moja: wanapeana taarifa za ada, umeme na mafuta ya gari, basi.

Waswahili walilijua jambo hili zamani. Baada ya harusi, bwana na bibi harusi walikaa fungate. Siku saba ndani, wakipikiwa, wakipelekewa kuku na mikate, bibi harusi akisingwa kwa liwa, somo wake hayuko mbali. Neno lenyewe ni hesabu: fungate ni saba ya kale, na Wasambaa hadi leo wanaihesabu saba kwa neno lililo ndugu yake. Chakula kilikuwa kizuri, lakini hekima ya fungate ninaiona mahali pengine. Ukoo mzima, na makelele yake yote, ulikubaliana kwamba wawili hawa waachwe. Hakuna kuwatuma, hakuna kuwaita. Tatizo ni kwamba tuliwapa watu ruhusa hiyo mara moja tu, wakati hawajaanza hata kuchoka. Mwaka wa kumi na tisa wa ndoa, wakati mtu kweli anahitaji siku saba za kuachwa, hakuna anayemwambia funga mlango.

Mara yetu ya kwanza kuitafuta hiyo fungate ya pili haikwenda vizuri. Sitataja kijiji wala nyumba. Ilikuwa apatimenti nzuri kwenye picha, na hata tulipofika ilikuwa nzuri. Bei ilikuwa ya dola, na nilipoomba nielezwe kwa shilingi, kijana kwenye simu alisema nikokotoe mwenyewe. Kanuni zilizotoka mwaka 2025 zimepiga marufuku kutangaza na kulipana kwa fedha za kigeni katika biashara za ndani ya nchi, na siku ziliposomwa nilimkumbuka kijana yule. Tulipofika mapokezi tulidaiwa cheti cha ndoa. Nyuma yetu walisimama wawili wageni kutoka Ulaya, vijana, wakapewa ufunguo bila kuulizwa lolote.

Naomba nieleweke hapa. Kijiji kina mila yake na dini yake, na mwenye nyumba ana haki ya kulinda heshima ya nyumba yake; mimi mwenyewe nimelelewa katika mila hiyo. Kama cheti kinatakiwa, mtu aambiwe mapema kwa simu, kwa adabu, na aulizwe kila anayeingia. Kumuuliza Mswahili peke yake mbele ya watu, mama mwenye watoto wanne amesimama na begi lake, ni kumwambia kwamba yeye hakutegemewa kufika pale kwa jambo la heri. Mume wangu alitoa picha ya cheti kwenye simu. Hakusema kitu, lakini jioni ile hakula.

Na hata angetaka kula, sijui ningempikia nini. Jiko lilikuwa na mashine ya kahawa, glasi sita za mvinyo na kifaa cha kufungulia chupa zake. Sufuria ilikuwa moja, ya kuchemshia mayai mawili. Hapakuwa na mwiko, hapakuwa na upawa, hapakuwa na kinu, na mbuzi ya kukunia nazi ndiyo kabisa haikuwako. Nilifungua kabati moja moja, na kila nililofungua lilinieleza kwamba aliyepanga jiko hili, hapa pwani penye minazi hadi mlangoni, hakuwahi kunifikiria. Tulikaa siku tatu, tukala chipsi na boflo, tukarudi Dar es Salaam tumechoka kuliko tulivyoondoka.

Jambiani ilikuwa habari nyingine, na ndiyo sababu ya makala hii.

Tulivuka kwa boti ya asubuhi, tukapanda gari la abiria namba 309, likapita msitu wa Jozani wenye kima punju, likatuteremsha Kikadini tukiwa na njaa. Jambiani ni kijiji kirefu cha Wilaya ya Kusini Unguja, kimejilaza kando ya bahari kama mkeka, Kikadini upande mmoja na Kibigija upande mwingine. Nyumba yetu ilikuwa safu ya pili kutoka ufukweni. Chumba kimoja, sebule ya kukaa watu wanne wakibanana, jiko, choo, na baraza yenye kivuli kuanzia saa nane mchana. Kuta za mawe na chokaa. Mwenye nyumba, mama wa makamo ya miaka sitini, anaishi nyumba ya nyuma na wajukuu wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mshakula?"

Hakudai cheti. Aliniuliza jina la mama yangu na kwetu ni wapi, akamuuliza na mume wangu hivyo hivyo, akaridhika. Kisha akanionyesha jiko kama mtu anavyomwonyesha mkwe nyumba. Mtungi wa gesi na jiko la mafiga mawili. Seredani, kwa anayetaka kuchoma samaki nje. Masufuria matatu yenye vifuniko vyake. Kinu kidogo cha kutwangia thomu, sinia, chujio la tui, upawa, miko miwili, na chini ya meza mbuzi, ubao wake umeng'aa kwa kukaliwa. Maji ya kunywa yalikuwa kwenye mtungi wa udongo, na kata juu yake.

"Hapa mtapika kwa maji," alisema. "Saa za ukutani ziacheni."

Nilidhani ni msemo tu. Kumbe alikuwa ananipa ratiba. Bahari ya pwani ile ya mashariki ina mwamba mbali, na kati ya mwamba na ufukwe kuna maji mafupi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa karibu saa nzima kuliko jana yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu yanakuja maji ya bamvua: yakijaa yanagonga kuta, yakitoka yanatoka moja kwa moja, mtu anatembea juu ya mchanga na mawe hadi mwamba anauona karibu. Nimewasikia wageni wa hotelini wakilalamika kwamba bahari imeondoka na hawakulipa nauli yote ile kuja kutazama matope. Wangekuwa na sufuria ya kujaza wasingelalamika. Bahari ikiondoka ndipo mchuzi unapopatikana. Wanawake wanashuka na vijiti vyao vya chuma kuchokoa pweza, wengine wanakwenda kwenye mashamba yao ya mwani, watoto wanaokota chaza na tondo. Ikirudi, ngalawa zinaingia kwa mlango wa mwamba na matanga yake, na dikoni samaki wanamwagwa chini: changu, tasi, kolekole, siku ya bahati jodari. Mafungu yanapangwa, mnada unaanza, na kwa muda mfupi yote yamekwisha. Usipokuwapo utakula mayai.

Siku ya kwanza tulikula mayai.

Siku ya pili mume wangu aliamka kabla yangu akashuka pwani peke yake. Alirudi na pweza, ameloa hadi magotini, na uso ambao sijauona miaka mingi. Mama mwenye nyumba alimkuta uani akimtazama yule pweza asijue aanzie wapi, akamwonyesha jiwe. Pweza hupigwa. Ukimpika bila kumpiga utatafuna mpira. Akampiga, akasimama kupumzika, mama akasema, "Bado mwanangu, huyo bado mgumu," akampiga tena hadi miguu yake ikalegea kama kamba iliyoloa. Nikamchemsha kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, chumvi huja mwisho.

Ikaja zamu ya nazi. Nilikuwa nimekwishavuta mbuzi niikalie, kwa mazoea, mume wangu akaniambia nipishe. Alijifunga kanga yangu kiunoni, akakaa, akainama, akashika kizio cha nazi kwa mikono miwili na kukizungusha taratibu juu ya meno ya chuma. Nazi ikaanza kuanguka kwenye sinia, nyeupe na nyembamba, bila hata kipande kimoja cha gamba. Nikamuuliza amejifunza wapi. "Dago," akasema.

Wasomaji wa bara huenda hawalijui neno hilo. Wavuvi wanapofuata samaki mbali na kwao hupiga kambi ufukweni wiki kadhaa, na huko ndiko dago. Huko hakuna mke wala dada. Wanaume wanasonga ugali, wanakuna nazi, wanapika mchuzi, na mpishi mbaya anasemwa hadi anajirekebisha. Mume wangu ni mtu wa Kilwa. Alikwenda dago na mjomba wake akiwa na miaka kumi na sita, misimu miwili. Nimeishi naye miaka kumi na tisa, nimemkunia nazi sijui ngapi, na siku zote hizo alikuwa anajua. Nami sikuwahi kumuuliza, kwa sababu nyumbani kwetu jiko lina mlango, na mlango ule yeye hupita kwenda kuchukua maji ya baridi.

Akaendelea kukuna na kuongea. Aliniambia habari ya mjomba. Halafu, bila kuinua kichwa, akaniambia habari ya mwaka ule aliposimamishwa kazi. Nilijua kwamba alisimamishwa miezi minne. Sikujua kwamba miezi miwili ya kwanza alikuwa akiaga asubuhi amevaa shati lake la kazi, anakwenda Feri kwenye soko la samaki, anakaa kwenye ukuta kutazama mashua zikiingia hadi saa za kurudi zifike, ili watoto wasimuone nyumbani. "Nilikuwa nanusa samaki," alisema, "naona aibu hata kununua." Nilikuwa nimeshika chujio. Nilikamua tui la kwanza, zito, nikaliweka kando, nikaongeza maji nikakamua la pili, na wala sikusema neno, kwa sababu nilihisi nikisema atanyamaza. Habari ile ilikuwa imekaa miaka minane ikitafuta mahali pa kutokea. Nyumbani hapakuwa na mahali. Mezani hotelini, mhudumu amesimama pembeni anasubiri kuchukua sahani, pangekuwapo?

Hili ndilo jibu langu kwa dada yangu. Mwiko hauchoshi kama upweke wa kuushika. Kinachomchosha mwanamke ni kusimama jikoni peke yake wakati sebuleni kila mtu anauliza chakula kiko wapi. Wawili wakiwa na jiko dogo lisilo na mlango, na saa ambazo hakuna anayezidai, kupika kunageuka mazungumzo yenye kazi ya mikono, na mwanamume wa kwetu huongea vizuri zaidi mikono yake ikiwa na kazi. Lakini nisimdanganye mtu. Kama mume atalala barazani na simu yake huku mke anakaanga, basi wasikodi nyumba hii. Waende hotelini, wapikiwe wote wawili, angalau uchovu utakuwa nusu.

Sasa nigeukie kijiji.

Tulipofikisha siku ya nne nilikaa barazani nikahesabu mikono iliyopokea pesa yetu tangu tufike, maana kazi yangu ni ya hesabu na siwezi kuacha. Mvuvi aliyetuuzia tasi. Dada aliyechokoa pweza. Mzee wa nazi. Binti anayepita alfajiri na mikate ya ufuta kwenye ndoo. Mwenye duka la mchele na mafuta. Kijana wa bodaboda aliyetuletea mtungi mwingine wa gesi kutoka Paje. Mwanamke wa mboga, ambaye alitufungia na mchicha wa bure kwa sababu tulimwamkia. Muuza kahawa wa jioni. Na mama mwenye nyumba. Watu tisa, kila mmoja amepokea mkononi, na wote ni wa pale au wa kijiji jirani. Hakuna aliyesubiri mwisho wa mwezi.

Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya laki saba. Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Wazanzibari chini kidogo ya milioni moja na laki tisa. Kwa visiwa vyenye idadi hiyo ya watu wageni hao ni wengi sana, na swali la kuuliza ni pesa yao inapita wapi. Baadhi yao hulipia kila kitu kabla ya kupanda ndege: chumba, chakula cha asubuhi, mchana na usiku, na vinywaji. Mtu aliyekwishalipia chakula chake cha wiki nzima hana sababu ya kutoka getini kutafuta mkate wa ufuta. Hoteli inaajiri, sikatai, na mishahara ile inasomesha watoto. Ila mkate wa yule binti haununuliwi. Mgeni mwenye jiko lazima atoke. Njaa inamtoa. Akitoka anaamkiwa, anajifunza bei, anajifunza kuitika, na siku ya tatu mtu anamwambia leo usinunue changu, subiri kesho kuna jodari. Jirani mpya huanza hivyo hivyo.

Mama mwenye nyumba alinieleza nyumba ile ilivyojengwa, na nataka isikike vizuri, kwa sababu wapangaji wa mambo makubwa huona vijiji vya pwani kama mahali ambapo mtaji lazima uje na ndege. Mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza pale Paje na Jambiani, na wanawake ndio waliokishika. Unachoma vigingi mchangani bamvua, unafunga kamba, unafunga vipande vya mwani kwenye kamba, unarudi baada ya wiki sita unavuna, unaanika, unauza. Unafanya hivyo umezama kiunoni, jua utosini, na magunia yaliyoloa yanavunja mgongo. Yeye alianza akiwa msichana mwenye mtoto mmoja. Mwani ulinunua kitanda, ukalipa skuli, ukanunua mawe ya msingi, ukakwama. Bahari ilivyozidi kupata joto ule mwani mnene wenye bei nzuri ukaanza kuoza na kufa kwenye kamba, ukabaki ule mwembamba wa bei ndogo. Nyumba ilikaa bila paa miaka sita. Wanawe walipoanza kazi hotelini waliimalizia, na yeye ndiye aliyeamua iwe na jiko, kwa sababu, alisema, "mtu hawezi kukaa siku saba bila moto wake."

Nawaomba Kamisheni ya Utalii ya Zanzibar, na wenzao wa bara wanaosimamia Pangani, Kilwa na Mafia, wamtazame mama huyu. Leseni na ukaguzi uwepo; mgeni anahitaji kujua kwamba waya za umeme ni salama na mlango unafungika. Lakini mwenye vyumba viwili asipimwe kwa kipimo cha mwenye vyumba mia mbili. Akipata mkopo mdogo wa kuweka tangi, fundi wa kumfundisha kuandika hesabu na kupiga picha nzuri za nyumba yake, atafanya mengine mwenyewe. Amejenga kwa mwani mtu huyu.

Kuna hatari, nami sitaificha. Nyumba za aina hii zikishanoga, mwenye pesa kutoka mbali huja kuzinunua, na mwenyeji huuza akidhani amepata. Shela, kule Lamu, nyumba nyingi za kale ziko mikononi mwa watu wa Ulaya, na watoto wa waliozijenga wanaingia kwa mlango wa nyuma kufua na kupika. Barcelona, mji tajiri kuliko miji yetu yote, ulitangaza mwaka 2024 kwamba hadi mwisho wa 2028 utafuta leseni za apatimenti za watalii zaidi ya elfu kumi, kwa sababu wenyeji wamekosa pa kupanga. Zanzibar ardhi ni mali ya umma na mgeni haruhusiwi kuimiliki, hukodishwa tu. Hiyo ni ngao. Ila ngao hailindi ikiwa mwenyeji ameweka jina lake kwenye karatasi na faida yote inakwenda kwa mwingine. Ndiyo maana nasema nyumba ya wawili iwe ya mtu anayelala uani pale pale. Akiwa pale, njia ya kushukia pwani haitazibwa kwa ukuta, kwa kuwa na yeye ndiyo anayopitia na gunia lake la mwani.

Na maji. Chini ya mawe ya Jambiani maji matamu yameelea juu ya maji ya chumvi, tabaka jembamba linaloongezwa na mvua za masika na vuli tu. Ukivuta kwa pampu kubwa bila kiasi, chumvi inapanda, na kisima cha jirani kinaharibika. Zaidi ya miaka kumi iliyopita watafiti walipima matumizi Nungwi, Kiwengwa na Jambiani, wakakuta mgeni anatumia maji mara nyingi zaidi ya mwenyeji, na hoteli kubwa ndizo zinazovuta zaidi, zina mabwawa na majani ya kumwagilia. Wiki yetu ile nilikuwa naosha vyombo kwenye beseni, naona ndoo inavyoshuka. Siku ya tano mama alituambia maji ya bomba hayatatoka, tukaoga kwa kopo. Sikuona tumepungukiwa. Tuliishi kama nyumba za kulia na kushoto zilivyoishi siku ile.

Wenye nyumba nawaomba jambo moja zaidi, dogo, lisilohitaji mkopo. Wekeni mbuzi. Wekeni sufuria ya kupikia kilo ya mchele, kinu, na mkeka wa barazani. Andikeni bei kwa shilingi. Miezi ya masika wageni wa ndege wanapungua na nyumba zenu zinakaa tupu. Sisi tupo, tuna siku 28, tuna ndoa zinazohitaji hewa. Tuiteni. Hatutakunywa mvinyo mwingi, lakini tutanunua samaki kila siku, na tutajua kumwamkia mama yenu.

Siku ya saba nilikusanya vilivyobaki: mchele robo, nazi mbili, vitunguu, mafuta nusu chupa. Nilimpelekea mama. Alipokea, akaingia ndani, akatoka na kifurushi cha bizari aliyoitwanga mwenyewe, kwa kuwa chombo hakirudi kitupu. Tulipofika mjini tulikuwa na saa mbili kabla ya boti. Mume wangu akapotelea Darajani, nikabaki na mabegi. Alirudi amekumbatia kitu kimefungwa kwa gazeti, meno yake yametoboa karatasi, na safari nzima alikiweka kati ya miguu yake ili watu wasijikwae.

Dada yangu alikuja Jumapili iliyofuata. Aliiona imesimama jikoni karibu na mlango, mpya, ubao bado mweupe, akaniuliza tangu lini nimeacha mashine ya kukunia nikarudi kwenye mbuzi.

"Si yangu," nikamwambia. "Ya shemeji yako."